Jeneza Lenye Kumbukumbu

Iko nchi moja, wala si mbali na hapo ulipokaa, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Haina jina. Lile la zamani lilibandikwa na mkoloni, kwa hiyo siku moja Bunge likalifuta kwa makofi na vigelegele, na kazi ya kutafuta jina jipya ikakabidhiwa tume ya wasomi. Tume ikaona jina la asili haliwezi kutafutwa penye joto na kelele, ikapanda ndege kwenda kulitafuta katika mji mkuu wa wale wale walioitawala nchi, kwenye maktaba zao zenye viyoyozi. Bado iko huko. Pasipoti za nchi ile, mahali pa kuandika jina la nchi, zimeandikwa "Litaletwa".

Nchi hiyo ina Wizara ya Kung'oa Ukoloni Akilini. Imo ndani ya ikulu ya gavana wa zamani, na waziri wake, Mheshimiwa Profesa Tegemeo Lukindo, hukalia kiti cha gavana mwenyewe, ili, kama alivyowaeleza waandishi wa habari, asije akakikalia mtu mwenye nia mbaya. Kila mwaka wizara hutangaza kuwa ukoloni umekwisha, na kila mwaka tangazo hilo hupelekwa ng'ambo likagongwe muhuri, maana cheti cha kuthibitisha kwamba hutawaliwi tena hutolewa na waliokuwa wakikutawala. Nani mwingine angeijua kazi hiyo?

Msanii aliyependwa na wizara aliitwa Kondo Mwinyikai. Alianza maisha kwa kuchora, na alichora vizuri. Mbuzi wake walikuwa mbuzi kweli, ukitaka uliweza kuwahesabu ndevu. Lakini akaja mtaalamu mmoja akamwambia kuwa mbuzi anayefanana na mbuzi ni mawazo ya kikoloni, na Kondo akaona haya, akaacha. Akaingia kwenye sanaa ya dhana, ambayo ni sanaa unayoelezwa kwanza kisha ndipo unaoneshwa. Alifunga nyavu kwenye makabati, alizika redio, alilala juu ya ramani siku nzima na watu wakaja kumtazama akilala. Magazeti yakamwita mwanaharakati wa kumbukumbu. Shangazi yake, Bi Sikudhani, aliyemlea tangu baba yake alipofariki, alimwita "mwanangu yule anayefanya mambo mjini".

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimkosesha Kondo usingizi, nacho ni Maonyesho Makuu. Hayo hufanyika huko huko ng'ambo, na msimamizi wake, Madam Otilia, huzunguka makoloni ya zamani akiteua msanii mmoja kila nchi. Anayeteuliwa hupewa nyumba, hupewa karakana, na kuanzia siku hiyo hata kikohozi chake huandikiwa makala. Kondo alikuwa amerukwa mara nyingi. Wenzake aliowafundisha kushika brashi walikuwa wameshakwenda, wanarudi likizo na makoti ya baridi mabegani, juani. Safari hii aliapa kwamba akirukwa tena ataacha sanaa akauze simu.

*

Kazi aliyoibuni iliitwa Mazishi ya Ukoloni. Lingekuwepo jeneza, na ndani yake migomba iliyovishwa sare nyeupe ya gavana wa mwisho. Kondo mwenyewe angejipaka udongo mweupe, avae magunia, alie. Wizara ikafurahi. Madam Otilia akatumiwa picha, naye akajibu upesi kwamba dhana ni nzito, inaumiza, inapumua, ila jeneza ni jipya mno. Mbao mpya, alisema, hazina kumbukumbu.

Kondo akajikuna kichwa. Jeneza lenye kumbukumbu atalipata wapi? Alilijua moja tu: jeneza la msikiti wa Mtaa wa Kisimani, alikozaliwa. Huko jeneza ni la watu wote. Linambeba maiti hadi kaburini, maiti anashushwa na sanda yake, nalo linarudi tupu kungoja mwingine. Vishikio vyake vilikuwa vimelainika kwa mikono ya mtaa mzima, na mmoja wa waliowahi kulilalia alikuwa baba yake Kondo.

Bi Sikudhani alikuwa barazani akishona kofia. Alimsikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa juu.

"Kondo mwanangu, jeneza si sufuria la kuazimana."

"Ni la siku moja tu, shangazi."

"Mnamzika nani?"

"Ukoloni."

"Lini amekufa?"

"Ndiyo hivyo tunamzika, shangazi."

"Basi hakikisheni kwanza. Mtu hazikwi kwa kusikia tu."

Lakini alikuwa akimpenda, na upendo una tabia ya kuvaa baibui yake na kwenda mahali usipotaka kwenda. Akaenda kwa imamu na kamati ya msikiti. Wazee wakakataa. Akakaa pale pale mlangoni akasema, "Lisiporudi, nidaini mimi. Mimi ndiye dhamana." Katika mtaa ule hakuna aliyewahi kumkatalia Bi Sikudhani mara mbili. Jeneza likatoka.

Aliyelipakia kwenye mkokoteni alikuwa Mihayo, fundi baiskeli. Mihayo ni mtu wa bara, na watu wa bara na watu wa Kisimani ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana haki ya kukutukana mchana kweupe na kukuvua kofia mbele ya wakwe zako. Kwenye msiba ndiyo hasa kazi yake: ataiga mwendo wa marehemu, atalala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe tumbaku, atawachokoza wafiwa mmoja mmoja hadi wacheke, kwa sababu mfiwa asiyecheka hali, na asiyekula anamfuata maiti. Tangu Kondo akiwa mtoto, Mihayo hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila "mtumwa wangu".

"Mtumwa wangu leo kapata akili," alisema Mihayo akikaza kamba. "Kajichukulia jeneza mapema, kabla hatujampiga."

Kondo alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

*

Jeneza lilipofika Jumba la Sanaa liliandikishwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa kwa utaratibu mzuri sana. Kanuni za nchi ile zinasema kwamba kitu kikishaandikishwa ni Urithi wa Taifa, hakitoki nje ya jumba, wala hakiguswi ila kwa glavu nyeupe. Glavu hizo hutengenezwa ng'ambo peke yake, na shehena yake ilikuwa imekwama bandarini ikisubiri kuthibitishwa kama ina chembechembe za ukoloni. Basi jeneza likakaa katikati ya ukumbi, limezungushiwa kamba nyekundu, na walinzi wanne wakililinda mikono nyuma.

Siku moja ikawa wiki. Madam Otilia alichelewa. Kulikuwa na nchi jirani ambayo alikuwa hajamaliza kuikomboa. Kutoka Kisimani zilikuja salamu: shangazi anauliza, lile jambo letu vipi? Kondo akajibu, kesho. Zikaja tena. Kesho, shangazi. Safari ya mwisho alimwambia mjumbe aseme kwamba hakumkuta.

*

Hatimaye Madam Otilia akafika, na ufunguzi ukapangwa. Asubuhi ya siku hiyo Kondo alikuwa nyuma ya pazia, mweupe kwa udongo kuanzia utosini, magunia kiunoni, akijaribu kulia. Pazia likasogea, akaingia Mihayo na mikono yenye grisi.

"Mtumwa wangu, shangazi yako katutoroka."

Kondo hakuelewa. Au alielewa, akaomba isiwe.

"Jana nimemwacha anashona. Alfajiri majirani wamemkuta kalala, kofia mapajani, sindano bado imo. Hakuaga mtu. Mwanamke yule alikuwa na kiburi tangu zamani." Mihayo alikuwa akitania kama inavyompasa, na machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Vaa nguo za watu twende. Tunamzika baada ya adhuhuri. Na lile jeneza nalichukua."

Kondo alimwona moyoni shangazi yake pale mlangoni pa msikiti, amekaa chini, anamdhamini. Akataka kutoka mbio vile vile alivyo. Lakini upande wa pili wa pazia alisikia Mheshimiwa akisafisha koo, na viti vikivutwa, na sauti ya Madam Otilia ikisema kwamba tayari anahisi kitu. Nusu saa tu. Kwani maiti haoshwi kwanza? Kwani sanda haikatwi?

"Tangulia," alisema. "Nimalize hapa, nakuja."

Mihayo alimtazama kidogo, kisha akaenda kwa Mkuu wa Hifadhi, mama mmoja mpole aliyevaa funguo shingoni.

"Jeneza haliwezi kutoka, kaka. Linatumika."

"Na nani?"

"Na ukoloni."

"Yeye hawezi kungoja?"

"Atangojaje, naye ndiye mgeni rasmi?"

"Kutoka haliwezi. Na kuingia je? Mtu anaruhusiwa kuingia?"

Mama alifungua kitabu cha kanuni akasoma, uso ukamng'aa kwa furaha ya kuweza kusaidia. "Kuingia ni haki ya kila raia," alisema. "Na leo ni bure."

*

Mheshimiwa Waziri alihutubia. "Ndugu wananchi na wafadhili," alisema, "kwa idhini ya wenzetu wa ng'ambo, kwa fedha za wenzetu wa ng'ambo, na mbele ya mwakilishi wa wenzetu wa ng'ambo, leo tunazika utegemezi!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Na tunawaomba," akaongeza, "watusaidie kuuzika tena mwakani!"

Kondo akatoka kwenye pazia akitambaa. Alilizunguka jeneza, akajipiga kifua, akalia. Alilia vizuri kupita siku zote, maana alikuwa akilia kweli, na jambo hilo lilimtia aibu kuliko yote. Chozi la shangazi yake alikuwa anautolea mgomba uliovaa kofia. Alijiona analia, akasikia kamera, na sehemu fulani ndani yake ikasema: hapo hapo, usigeuke, mwanga ni mzuri.

Ndipo milango mikubwa ikafunguliwa. Wanaume wa Kisimani waliingia wakiwa wamebeba kitanda cha kamba, na juu yake Bi Sikudhani ndani ya sanda, amefunikwa kanga yake ya kijani. Walikuwa wakisoma kwa sauti ya chini, kama watu wasomavyo wakiwa na maiti. Hawakumwangalia mtu. Mihayo aliivuka kamba nyekundu, akamwinua gavana wa migomba kwa kwapa, akamweka chini karibu na miguu ya Waziri. Walinzi wakakodoa macho. Kuingilia kati wasingeweza. Hawakuwa na glavu. Shangazi akalazwa ndani ya jeneza, jeneza likapanda mabegani, likatoka kwa mlango liliouingilia, na Urithi wa Taifa ukaenda zake barabarani.

Madam Otilia alikuwa amesimama, viganja mashavuni. "Hamkuniambia," alimnong'oneza Waziri, "kwamba kazi hii inatembea." Akalifuata jeneza. Waziri akamfuata Madam, wakurugenzi wakamfuata Waziri, bendi ya polisi ikawafuata wakurugenzi. Nyuma kabisa alikuwa Kondo, pekupeku na magunia yake. Alitaka kukimbia hadi mbele, aingize bega lake chini ya jeneza. Lakini kila alipojaribu kupita, watu wa Kisimani walizidi kusogeleana kidogo, bila kugeuka, na nafasi ikawa hakuna.

*

Makaburini jeneza liliwekwa chini. Mtaa ulisimama upande mmoja, serikali upande wa pili, shimo katikati. Imamu aliinua uso.

"Maharimu wa marehemu ashuke ampokee."

Mwanamke hupokelewa kaburini na wanaume wa damu yake. Bi Sikudhani hakujaliwa mtoto. Kaka yake alikuwa kalala hatua chache kutoka hapo, miaka mingi sasa. Alibaki mmoja tu duniani wa kushuka, naye alikuwa amesimama upande wa serikali.

Kondo alipiga hatua. Hapo hapo mkono wa Waziri ukamshika kiwiko.

"Subiri kidogo, msanii. Madam ana swali. Anauliza, yule aliyemo ndani ya sanda ni mtu kweli? Maana wenzetu wana sheria kali za maadili. Kama ni mtu kweli, hawezi kukuteua. Itakuwa umemtumia maiti bila ridhaa yake. Anasema ni jibu moja tu analitaka, na jina lako liko tayari kalamuni." Akainama karibu zaidi. "Yule mama ni nani?"

Jua lilikuwa kali. Udongo ulikuwa umeanza kupasuka usoni pa Kondo. Upande wa pili wa kaburi walimtazama wote: imamu, wazee wa kamati, Mihayo mwenye mikono ya grisi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ilikuwa imepasuka tayari, pale mbele ya vidole vyake, imechimbwa sawasawa na kunyooshwa pembe. Alichotakiwa ni kushuka tu. Shangazi yake alikuwa amefunikwa ile kanga aliyokuwa akimfutia kamasi.

"Si mtu, Mheshimiwa," alisema Kondo. "Ni dhana."

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini makaburini hakuna kelele, na kila mtu alisikia.

Imamu alingoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujirekebisha. Kisha akasema, taratibu, "Kama hana wa damu, basi ashuke mtu mwema yeyote." Akashuka Mihayo. Hakulala humo ndani, hakudai tumbaku. Alimpokea Bi Sikudhani kwa mikono miwili, akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamfungua kamba za sanda, akapanda juu bila kusaidiwa.

Udongo wa kwanza ulipoanguka, Madam Otilia akaanza kupiga makofi. Waziri akapiga, wakurugenzi wakapiga, na bendi, isiyojua la kufanya, ikapiga wimbo wa taifa, ambao katika nchi ile hauna maneno kwa kuwa jina la nchi halijapatikana. Watu wa Kisimani waliendelea kufukia. "Inama," Waziri alimnong'oneza Kondo, "wanakushangilia."

Kondo akainama.

*

Jioni ile ile redio ilitangaza uteuzi. Kondo alikuwa akioga; udongo mweupe ulikuwa mgumu kutoka nyuma ya masikio. Alivaa kanzu, akaenda Kisimani kwa miguu, akiwaepuka waliotaka kumpa mkono.

Nje ya nyumba ya Bi Sikudhani pametandikwa mikeka, wanaume wamekaa wamekunja miguu. Hakuna aliyemfukuza. Walimsogezea miguu apite, wakaitikia salamu yake. Alikaa pembeni ya mkeka na kuinamisha kichwa. Laiti mmoja angemzaba kofi! Alikuja tayari kwa kofi. Lakini walikuwa wakizungumza habari za chakula, na jinsi lile jeneza, baada ya kuoshwa, lilivyorudishwa msikitini kwa mlango wa nyuma.

Mihayo alikuwa kazini. Amejifunga kanga ya marehemu kichwani, anashona kofia ya hewani, anamkaripia imamu kwa sauti ya Bi Sikudhani kwamba amenenepa kwa futari za watu. Imamu alicheka hadi akashika mbavu. Mihayo akamgeukia mwenyekiti wa kamati: "Na wewe mtumwa wangu, unalia nini, si ndiye aliyekukatalia posa ukiwa kijana?" Mzee akacheka na kulia kwa pamoja, mtu akamwekea sahani mbele, akala. Hivyo ndivyo alivyokwenda, mmoja hadi mwingine, mkeka hadi mkeka, na kila aliyetukanwa akapata kula.

Kondo alimwona anakaribia. Alijua atasema nini kwanza, na moyoni alimwomba aseme: mtumwa wangu, mtoto wa laana, mla shangazi. Aseme lolote. Aseme mbele ya watu wote.

Mihayo alipomfikia, aliivua ile kanga kichwani. Akajipangusa viganja kwenye suruali, akampa mkono kwa adabu zote.

"Karibu, Mheshimiwa. Pole kwa safari."

"Mihayo..."

"Tumefurahi umefika. Ulikuwa ukimfahamu marehemu?"

Kondo aliung'ang'ania ule mkono, akasahau kuwa analia.

"Mihayo, nitukane," alisema. "Nakuomba. Nitukane kama zamani."

Mihayo aliutoa mkono wake polepole, bila hasira.

"Siwezi, bwana," alisema. "Kwetu hatumtukani mgeni."

Akageuka akamwambia mtu aliyekaa karibu na mlango kwamba yule bwana wa mjini asiachwe akae chini achafue kanzu yake. Watu wakainuka upesi, wakamletea kiti.